Je, Wajua? Karela, Mchungu Apandaye Chanja

Chukua mbegu tatu za karela uzifukie uani kwako, uwe Bariadi, Maswa au Lamadi, mvua za Novemba zinapoanza kukolea. Kabla Februari haijaisha utakuwa na mtambaa wa mita nne au tano, maua ya manjano, matunda yenye vigutu kama mgongo wa mamba, na mambo ya kushangaza ambayo mimi sijachoka kuyasimulia.

Jina la Kihindi, ukoo wa Afrika

Neno karela tumelipokea kwa Wahindi, lakini mmea wenyewe asili yake ni bara hili. Jamii yake ina aina karibu 60, na zaidi ya 40 kati ya hizo ziko Afrika. Karela ya mwituni ni ndogo, yai la kuku laweza kuizidi. Ilivuka bahari ikafika Asia, wakulima wa huko wakawa wanachagua mbegu za matunda makubwa kizazi baada ya kizazi, na leo karela ya Kichina inaweza kuupita urefu wa rula ya shule. Ukinunua pakiti ya mbegu iliyotoka India, unamrudisha nyumbani mtoto aliyekwenda ughaibuni akanenepa.

Mbegu iliyong'atwa kabla hujaipanda

Mwaka 1753 Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea mingi majina ya Kilatini, aliuita ukoo huu Momordica, kutokana na neno lenye maana ya kuuma. Itazame mbegu utamwelewa: kingo zake zimechongoka-chongoka kana kwamba panya amezitafuna usiku. Ganda lake ni gumu, kwa hiyo iloweke kwenye maji usiku kucha kabla ya kuipanda. Udongo ukiwa na joto, na kwetu joto si la kutafuta, itachomoza kati ya siku tano na kumi.

Mkono unaojisokota pande mbili

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Karela haina miguu wala miiba ya kukwea. Ina vikono, nyuzi nyembamba kama waya wa redio, vinavyopunga hewani taratibu hadi viguse kitu. Baadhi ya mitambaa duniani huanza kujipinda chini ya dakika moja tangu kikono kiguswe! Kikishashika mti, kikono hujisokota katikati kama springi na kuuvuta mmea karibu na nguzo.

Sasa kitazame kwa makini. Nusu moja ya springi inazungukia kulia, nusu ya pili kushoto, na katikati pana kipande kifupi kilichonyooka ambapo mzunguko unageuka. Charles Darwin alilieleza jambo hili mwaka 1865 katika uchunguzi wake wa mimea inayokwea, na sababu yake unaweza kuijaribu jikoni. Funga kamba ncha zote mbili, kisha isokote katikati kwa vidole: kila mzunguko wa kulia upande huu unazaa mzunguko wa kushoto upande ule. Kikono nacho kimefungwa ncha zote mbili, moja kwenye shina na nyingine kwenye nguzo, hakina njia nyingine. Faida yake ni kwamba upepo wa mchana ukivuma, springi inanyumbuka na kurudi, shina halikatiki. Mara ya kwanza kulihesabu hilo kwenye mmea wa kweli nilikaa chini ya chanja hadi chai ikapoa.

Ua la minyaa ni kishawishi

Maboma mengi ya Usukumani yamezungushiwa minyaa, na ua la namna hiyo linaonekana kama ngazi iliyotengenezwa kwa ajili ya karela. Mti huu una sifa kubwa: Ziwa Manyara limepata jina kutokana na jina lake la Kimaasai. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na anayechuma matunda kati ya matawi ya minyaa lazima ataivunja. Simika chanja yako mbali nayo, ya nguzo mbili na kamba au waya, ifike kimo cha mtu mrefu. Mabua ya pamba nayo yaache, usiyafanye nguzo: wakulima hutakiwa kuyang'oa na kuyachoma baada ya mavuno ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao.

Wasukuma walikwisha kuuainisha udongo

Kabla ya maabara yoyote, wenyeji walikuwa na majina yao: luseni ni udongo wa kichanga, mbuga ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa viatu masika. Karela huipenda luseni iliyoshibishwa samadi, na samadi katika mkoa wa ng'ombe wengi kama Simiyu haihitaji safari ndefu. Kwenye mbuga, panda juu ya tuta, maana mizizi yake ikikaa kwenye maji inaoza.

Ua lenye mimba ya uongo

Kwenye mmea mmoja yapo maua dume na maua jike, na madume hutangulia, tena kwa wingi: kwa kila ua jike unaweza kuhesabu madume 20 na zaidi. Kuyatofautisha hakuhitaji darasa. Nyuma ya ua jike kuna karela ndogo tayari, yenye vigutu vyake vyote, ndogo kama punje ya mpunga iliyovimba. Isipopata chavua inanyauka na kudondoka, na ndiyo maana watu wengi hulalamika kwamba mmea wao unatoa maua bila kuzaa.

Ua hufunguka alfajiri na kufikia jioni limekwisha. Nyuki ana siku moja tu ya kazi! Ukiona nyuki ni wachache, chuma ua dume asubuhi na mapema, ondoa petali zake, kisha liguse ua jike katikati. Kata pia ncha ya shina kuu likifika juu ya chanja, matawi ya pembeni yatoke, kwa maana huko ndiko maua jike hupenda kukaa. Na hapa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba, kuna jambo la kusisitiza: viuatilifu vya pamba si vya mboga ya uani. Upepo ukivileta kwenye chanja wakati maua yako wazi, nyuki watakufa, nawe utakula sumu.

Tunda linalovaa gazeti

Nzi wa matunda huipenda karela kupita kiasi. Hutoboa ganda na kutaga ndani, na tunda linaonekana zima hadi siku ulipasue ukutane na funza. Wakulima wa Asia wana dawa isiyonukia: tunda likiwa urefu wa kidole wanalivalisha mfuko wa gazeti na kuufunga kwenye kikonyo. Yaliyokwisha kuharibika usiyatupe kwenye rundo la samadi, funza watakuwa nzi. Yafunge kwenye mfuko mweusi uuache juani siku kadhaa, au yafukie chini sana.

Pazia la Wajapani

Huko Okinawa karela inaitwa goya, na ina siku yake, 8 Mei, kwa sababu tano, namba ya mwezi huo, hutamkwa go na nane huweza kusomwa ya. Kilichonivutia zaidi ni hiki: Wajapani huipandisha kwenye nyavu mbele ya madirisha iwe pazia la kijani, na baada ya tetemeko la mwaka 2011 lililoleta uhaba wa umeme, watu wengi waliigeukia kupunguza joto la nyumba. Nyumba ya bati Bariadi, inayochomwa na jua la saa nane mchana upande wa magharibi, inangoja pazia kama hilo.

Kaligonga chungwa

Gramu 100 za karela mbichi zina miligramu 84 hivi za vitamini C, chungwa lina 53. Majani machanga nayo yanafika huko huko, hivyo mboga haianzi na tunda. Kupika hupunguza kiasi hicho, kwa hiyo usiichemshe ikalegea. Ikate nyembamba, ipake chumvi nusu saa, ikamue, kisha ikaange na nyanya na karanga zilizotwangwa. Ulimi wa binadamu una aina zipatazo 25 za vipokezi vya uchungu, na karela itaviamsha vingi.

Je, ni dawa kweli?

Tangu zamani, Afrika na Asia, watu wameitumia kwa kisukari, homa na minyoo. Ndani yake mmeonekana viambato vinavyoshusha sukari ya damu, kimojawapo kikiitwa charantini. Lakini mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, walipokusanya majaribio manne yenye washiriki 479, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inatibu kisukari. Mimi naisoma hivi: ile ni mboga yenye nguvu, na nguvu inataka adabu. Anayemeza vidonge vya kisukari akaongeza glasi ya juisi ya karela anaweza kushusha sukari hadi azimie, kwa hiyo amwambie daktari wake kwanza. Mama mjamzito asiitumie kama dawa kabisa.

Na kuna hatari isiyosemwa sana. Mbegu zina kemikali iitwayo visini, ambayo huweza kuvunja seli nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo hupatikana zaidi katika maeneo ya malaria, na Kanda ya Ziwa ni mojawapo. Watoto wakatazwe mbegu, hata nyama inayozifunika ikiwa tamu, na utamu upo kweli kama utakavyoona.

Ndugu anayevishwa mapacha

Buganda, ng'ambo ya ziwa letu, kuna binamu wa karela aitwaye bbombo. Mtambaa huo huvaliwa katika sherehe za mapacha, ukizungushwa mwilini kama shada. Mmea ambao mtu mwingine angeufyeka kama gugu, kule unakaribisha watoto wawili duniani.

Mchungu anayegeuka mtamu

Acha tunda moja usilichume. Litageuka kutoka kijani hadi rangi ya machungwa, kisha siku moja litapasuka vipande vitatu na kujikunja nje kama ua, likionyesha mbegu zilizofunikwa nyama nyekundu. Nyama hiyo ni tamu, na wekundu wake ni ule ule wa nyanya, likopeni. Ndege huvutwa na rangi, humeza, na kwenda kuzidondosha kwingine. Wawahi: osha mbegu, zianike kivulini, zifunge kwenye karatasi mahali pakavu, uandike tarehe. Novemba ikirudi, jirani atakuja kuziomba.