Rubani akisema "hatuondoki", hasara ni ya nani?

WAFANYABIASHARA wanaokodi ndege ndogo kutoka Tarime au Mugumu, na wale wanaopeleka mzigo kwenye kambi za watalii huko Serengeti, wanayajua vizuri maudhi haya. Rubani wa leo anakataa begi la kilo 20, wa jana alilipakia bila kuuliza. Mmoja anageuza kwa sababu ya wingu, mwingine anapita. Wote wana leseni, na kanuni ni zile zile. Mteja anabaki akijiuliza yupi anafuata sheria na yupi ni mwoga tu.

Jibu lake linagusa mfuko wa mteja moja kwa moja, na zaidi mfuko wa mwekezaji mdogo anayefikiria kuchangia ununuzi wa ndege pamoja na wenzake. Kanuni za anga, ambazo hapa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), huweka kiwango cha chini kabisa. Rubani makini huanzia hapo kwenda juu. Anayeshuka chini ya kiwango hicho anacheza kamari kwa mtaji wa watu wengine, na mara nyingi wenyewe hawana habari.

Tuanze na uzito, maana ndiko ugomvi mwingi unakozaliwa. Chukua Cessna 206, ndege ya injini moja ya pistoni yenye viti sita, inayojulikana sana katika viwanja vya changarawe vya Afrika Mashariki. Uzito wake wa juu wakati wa kuruka ni kilo 1,633 hivi. Ikiwa tupu, pamoja na vifaa vyake, inakaribia kilo 1,000. Zinabaki kama kilo 630. Matangi yakijazwa, mafuta peke yake ni karibu kilo 240. Mwondoe rubani wa kilo 80, na zinazobaki ni kama kilo 310 tu, yaani abiria wanne wa wastani wasio na hata mkoba. Kwa hiyo mteja anayehesabu viti sita na kugawa nauli kwa watano anapiga hesabu ya daladala. Viti vipo, lakini havijazwi vyote pamoja na matangi.

Hapo joto halijaingia. Kiwanja cha Seronera kiko meta 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inafanya kazi kama iko kwenye kiwanja cha meta 2,300 na zaidi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu robo ya nguvu zake, mabawa nayo hayapati hewa ya kutosha ya kuyabeba. Njia ya kurukia iliyotosha saa moja asubuhi inaweza isitoshe mchana kwa mzigo ule ule.

Kanuni inamtaka rubani apige hesabu hiyo kwa majedwali ya kitabu cha ndege. Lakini majedwali yalitengenezwa kwa ndege mpya na rubani wa majaribio wa kiwandani. Ndiyo maana mamlaka ya anga ya Uingereza huwashauri marubani binafsi waizidishe namba ya kitabu kwa 1.33 wanapopaa na kwa 1.43 wanapotua. Kwa rubani binafsi huo ni ushauri, wala si amri. Kwa hiyo rubani aliyeacha kreti zako mbili za nyanya huenda hakulazimishwa na sheria yoyote. Alikuwa anaweka akiba juu ya sheria. Kreti mbili za nyanya zina bei inayojulikana sokoni.

Mafuta ndiyo mahali ambapo kiwango cha chini kinaweza kumponza hata anayekitii. Kanuni ya kimataifa kwa ndege inayoruka mchana kwa kuona kwa macho ni kufika uendako ukiwa bado na mafuta ya dakika 30. Inaonekana ni nyingi. Sasa fikiri unakwenda Kogatende, kaskazini mwa hifadhi karibu na Mto Mara. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu wanakuwa upande huo, na wanaweza kusimama katikati ya kiwanja bila kujali ratiba ya mtu. Unazunguka mara mbili, hawaondoki. Kwenda Seronera ni karibu kilometa 100, na kwa mwendo wa ndege hiyo ni dakika 25 hivi. Akiba yako yote ya kisheria imekwisha kabla hujashusha magurudumu, na ukifika huna uhakika wa kupata petroli ya ndege, kwani ndege kubwa zaidi aina ya Caravan hutumia mafuta tofauti kabisa. Rubani anayeijua Mara hubeba akiba zaidi ya hiyo, na kila kilo ya mafuta inakula kilo ya mzigo wa mteja. Sasa msomaji anaona bei ya kukodi inatoka wapi.

Kuhusu hali ya hewa maneno si mengi. Viwanja vya hifadhini hutegemea mwanga wa mchana, na jua huku huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa moja usiku, giza likifuata haraka. Wanaokwenda Arusha wana ukuta mbele yao: nyanda za juu za Ngorongoro, ambazo kilele chake kirefu kuliko vyote, Loolmalasin, kinapita meta 3,600. Wingu likikaa juu ya milima hiyo, rubani anayeruka kwa macho ana njia mbili, kuzunguka au kurudi. Novemba 15, 2017, Cessna Caravan iliyokuwa ikielekea Seronera ilianguka huko Empakaai na kuua watu wote 11. Wala kanuni haioni kila kitu. Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake, alikufa baada ya ndege yake kugongana na tai.

Je, rubani haruhusiwi kabisa kuvunja kanuni? Anaruhusiwa. Sheria ya anga ya kimataifa inampa nahodha wa ndege haki ya kuiacha kanuni pale usalama unapolazimisha kabisa, kisha ajieleze kwa wahusika. Dhoruba ikimfungia njia ya kurudi, anaweza kutua popote penye usalama. Mteja kuchelewa mnada si dharura, hata mteja huyo akiwa ndiye mwenye ndege.

Kwa wawekezaji lipo jambo moja linalopuuzwa. Mwenye leseni ya rubani binafsi haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege yenye abiria au mzigo. Ndege ya biashara inahitaji rubani mwenye leseni ya biashara na kampuni yenye cheti cha uendeshaji kutoka TCAA. Rafiki anayekwambia "nichangie mafuta tu, nikupeleke" anaweza kuwa mwema, lakini safari ikiwa nje ya leseni yake, au ndege ikiwa imezidi uzito, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Waliochanga kununua ndege wataona mtaji wao ukiishia porini. Ombeni kuona vyeti hivyo na hati ya bima kabla ya kutoa senti, na mkataba wa kukodi useme wazi nani anagharamia usiku mmoja wa kusubiri hali ya hewa.

Kanuni inayolalamikiwa kuliko zote, hata hivyo, imewaletea watu wa Tarime riziki. Kutoka viwanja vya Maasai Mara upande wa Kenya hadi Kogatende ni mwendo wa dakika chache tu angani, lakini ndege haiwezi kuvuka mpaka na kutua kokote bila kupitia uhamiaji na forodha. Njia iliyozoeleka ikawa hii: mtalii anarushwa hadi Migori, anapanda gari hadi Isebania, anagongewa pasi, anavuka Sirari, anaendelea kwa gari hadi kiwanja cha Tarime, na hapo anapanda ndege nyingine kwenda Serengeti. Kwa rubani anayeuona mto kutoka dirishani, huo ni mzunguko usio na maana. Kwa mwenye gari Sirari ni kazi.

Anayetaka kuingia katika kazi hiyo ajue kwamba anauza muda. Abiria akikwama mpakani hadi jioni, rubani anayemsubiri Tarime atatazama saa na kuzima injini, na yule wa Sirari aliyechelewesha gari ndiye atakayepigiwa simu kuulizwa kuhusu malazi.