Je, Wajua? Kuua Popo Hakuondoi Ugonjwa

Ebola ya aina ya Sudan iligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1976, na wagonjwa wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Nzara, magharibi mwa Juba. Popo walijaa darini mwa kiwanda hicho, ingawa haikuthibitishwa kwamba wao ndio chanzo. Watu 284 waliugua, 151 wakafa. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa milipuko mingi ya Ebola Afrika ya Kati na Magharibi hutokea mahali ambapo msitu umetoka kukatwa. Kwa hiyo gunia la mkaa linalouzwa Jebel jijini Juba, chini ya Mlima Kujur, ni suala la afya pia: mti ukiangushwa, wanyama walioishi humo husogea karibu na watu.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaua popo wote. Hilo lilijaribiwa Uganda. Baada ya wachimbaji kuambukizwa Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, katika mgodi wa Kitaka mwaka 2007, popo waliangamizwa. Wengine wakarudi, na mwaka 2012 wapimaji wakakuta maambukizi kati ya popo yameongezeka zaidi ya maradufu. Mwaka huohuo Marburg ikalipuka Ibanda, jirani na hapo. Kilicho bora ni kupunguza ukataji wa miti. Ni kweli familia nyingi hazina nishati nyingine ila mkaa, na kuzilaumu ni kuzionea. Basi serikali ya Juba na wafadhili washushe bei ya gesi na majiko sanifu, nawe ukikuta mnyamapori amekufa, usimguse. Toa taarifa kituo cha afya.