Wembe wa Shilingi Kumi: Hesabu ya Ndevu Kakamega

Mwanamume anayenyoa ndevu mara mbili kwa wiki hunyoa mara 104 kwa mwaka. Hesabu ianzie hapo, kwa maana bei iliyobandikwa kwenye rafu haikuambii kitu mpaka uigawe kwa idadi ya mara ambazo kifaa chenyewe kitakunyoa. Sheva ya plastiki ya shilingi 25 ikitupwa baada ya kutumika mara mbili, kila kunyoa kumekugharimu shilingi 12 na senti 50. Wembe wa shilingi 10 ukikunyoa mara nne, umelipa shilingi mbili na nusu tu. Wengi wetu tunaiona sheva kuwa ndiyo rahisi kwa sababu tunaitazama siku ya kununua, hatuitazami mwaka mzima.

Bei ninazotumia humu ni za kufanyia hesabu. Kibanda cha Lurambi na supamaketi ya katikati ya mji wa Kakamega haviuzi kwa bei moja, wala Khayega si Mumias. Weka bei ya duka lako mahali pa zangu. Njia ni ile ile.

Tuanze na anayekwenda kwa kinyozi. Akilipa shilingi 50 kunyolewa ndevu, mara 104 ni shilingi 5,200 kwa mwaka. Hakuna njia nyingine humu inayoufikia mzigo huo. Simshauri mtu amkimbie kinyozi wake, kwa kuwa nywele za kichwa ni kazi ya fundi na kijana mwenye mashine anatafuta riziki yake. Lakini ndevu za katikati ya wiki zinaweza kunyolewa nyumbani, na hapo pekee elfu kadhaa hubaki mfukoni.

Sheva ya plastiki ya kutupa inafuata. Kampuni ya Ufaransa ya BIC ndiyo iliyoitia sokoni sheva yake ya kipande kimoja mwaka 1975, na leo inauzwa moja moja kwenye vibanda kama kalamu. Ukiisuuza na kuikausha, ikakunyoa mara nne, utahitaji 26 kwa mwaka, yaani shilingi 650. Ukiitupa baada ya mara mbili, ni sheva 52 na shilingi 1,300. Zile za mpini mmoja zenye vichwa vya kubadilisha, kila kichwa na nyembe tatu au tano, zina hesabu nzito zaidi: kichwa cha shilingi 300 kinachonyoa mara 12 kinakupeleka kwenye vichwa tisa kwa mwaka, shilingi 2,700, kabla hujahesabu mpini.

Sasa wembe wa kawaida, ule mwembamba wenye makali pande mbili unaouzwa katika kikaratasi. Kwa shilingi 10 na mara nne kila mmoja, mwaka mzima ni nyembe 26, shilingi 260. Shida yake ni mpini. Sheva ya chuma inayofunguliwa kichwa na kuwekwa wembe ndani, tuseme ni shilingi 800. Mwaka wa kwanza basi unatumia shilingi 1,060, zaidi ya yule wa plastiki anayetumia 650. Hapa ndipo wanaosifu sheva ya chuma huruka hesabu, wakasema inaokoa fedha papo hapo. Haiokoi. Kila mwaka inakupunguzia shilingi 390 ukilinganisha na plastiki, kwa hiyo shilingi 800 zinarudi baada ya miaka miwili na siku chache. Baada ya miaka mitano aliyenunua chuma ametumia shilingi 2,100, na aliyebaki na plastiki 3,250. Mpini wa chuma uliotengenezwa vizuri haufi kwa miaka mitano, hata kumi, kwa kuwa hauna kitu cha kuharibika isipokuwa skrubu moja.

Anayenyoa kila siku, kama askari, mlinzi au karani wa benki, ana hesabu tofauti kabisa. Anahitaji nyembe 91 kwa mwaka, shilingi 910. Kwa sheva za plastiki angetumia karibu shilingi 2,280. Mpini wake umejilipa kabla ya miezi minane kuisha. Na anayenyoa mara moja kwa wiki mbili, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwenye ndevu za kuhesabika, huyo kwa upande wa fedha hana haraka yoyote ya kununua mpini wa shilingi 800.

Kuna jambo ambalo hesabu ya mwaka haioni. Anayepata pesa kwa siku hununua kwa siku. Mwendesha bodaboda mwenye shilingi 300 jioni, ambazo ndani yake mna unga, mafuta ya taa na mboga, hawezi kufungia 800 ndani ya kipande cha chuma eti zitarudi baada ya miaka miwili. Huu ndio uchumi wa kadogo, na mtu asimlaumu. Njia yake ipo, na ni chama. Wanachama kumi wakinunua kwa jumla boksi la nyembe 100 kwa shilingi 500, kila mmoja anapata nyembe kumi kwa shilingi 50, na bei ya wembe imeshuka kwa nusu. Kwa bei hiyo nyembe za mwaka ni shilingi 130, na mpini unajilipa kwa mwaka mmoja na nusu. Wapo pia wanaotumia kile kishikio cha plastiki chenye meno kama kitana, ambacho wembe hubanwa ndani yake. Ni cha bei ndogo na hutumika muda mrefu, ingawa kwa ndevu za shingoni hakikupi usalama wa kichwa cha chuma. Wembe mtupu uliokatwa nusu na kushikwa kwa vidole ndio rahisi kuliko vyote, nami siupendekezi kwa mtu yeyote.

Kwa nini wembe huu umebaki bei ya chini kwa muda mrefu hivi? Kwa sababu umbo lake halina mwenyewe. King Camp Gillette wa Marekani alipata hataza ya sheva yake tarehe 15 Novemba 1904. Mwaka 1903, alipoanza kuuza, aliuza sheva 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata aliuza zaidi ya sheva 90,000. Hataza ile iliisha mwaka 1921, na kampuni nyingine zikawa huru kutengeneza. Wembe wa leo wenye mpasuo katikati una umbo lile lile tangu miaka ya 1930, na kuanzia miaka ya 1960 umekuwa wa chuma kisichoshika kutu upesi. Wembe wowote, uwe umetoka India, Misri au Urusi, unaingia katika mpini wowote. Muuzaji hana namna ya kukufungia kwake. Vichwa vyenye nyembe nyingi ni kinyume: kila kampuni ina mshikio wake, na ukishanunua mpini umekuwa mteja wa vichwa vyake. Hizo shilingi 300 za kichwa si bei ya chuma.

Je, nyembe nyingi zinanyoa vizuri zaidi? Kwa ndevu zetu, mara nyingi ni kinyume chake. Katika kichwa chenye nyembe nyingi, wembe wa kwanza huuvuta unywele nje kidogo, na unaofuata huukata kabla haujarudi, hivyo ncha hubaki chini ya ngozi. Unywele ulionyooka huchomoza tena bila shida. Unywele wa kipilipili hujikunja na kuchoma ngozi kutoka ndani, na matokeo yake ni vile vipele vya kidevuni na shingoni vinavyoacha madoa meusi. Wanaume weusi huvipata kwa wingi kiasi kwamba jeshi la Marekani kwa miongo mingi lilikuwa na utaratibu wa kumruhusu askari, kwa idhini ya daktari, asinyoe hadi ngozi ipone. Wembe mmoja, ukipitishwa kufuata ndevu zinakolala na bila kukandamizwa, huacha unywele usawa na ngozi. Na mwenye vipele vikali afadhali mashine ya umeme inayoacha unywele kidogo juu ya ngozi: ikinunuliwa kwa shilingi 2,500 na kudumu miaka mitatu, ni kama shilingi 833 kwa mwaka, na umeme wake hauwezi kumtia mtu hasara.

Hesabu zote hizi zinategemea nambari moja ambayo iko mikononi mwako, nayo ni mara ngapi wembe unanyoa kabla haujachoka. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani walieleza katika jarida la Science jinsi makali ya wembe yanavyochoka. Unywele ni laini mara 50 hivi kuliko chuma cha wembe, lakini unapopinda mbele ya makali, huyamega vipande vidogo mno mahali ambapo chuma chenyewe hakina uimara sawa. Basi lainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni dakika mbili au tatu, usikandamize, kisha usuuze wembe na kuukung'uta maji. Wembe uliotoka mara tatu hadi tano umepunguza matumizi yako kwa asilimia 40, punguzo linalokaribia lile la kununua kwa jumla.

Twende kwenye taka. Wembe una urefu wa milimita 43, upana wa 22 na unene wa 0.1. Zidisha kwa uzito wa chuma, toa mpasuo wa katikati, unapata kama gramu 0.6. Sheva nyepesi ya plastiki ni takriban gramu 5. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Kakamega kuwa na watu 1,867,579, wanaume wakiwa 897,133. Chukua theluthi moja tu ya wanaume hao, kama 300,000, na useme kila mmoja anatupa kifaa kimoja kwa wiki. Kwa mwaka ni vipande milioni 15.6. Vikiwa sheva za plastiki, ni tani 78, malori manane ya tani kumi. Vikiwa nyembe, ni kama tani 9.4 za chuma. Hapo sijawahesabu wanawake wanaonyoa kwapa na miguu kwa sheva hizi hizi.

Sheva ya plastiki ina ubaya wa ziada. Vipande vya chuma vimezamishwa ndani ya plastiki, na kuvitenganisha ni gharama kuliko thamani yake, kwa hiyo muokota taka ataichukua chupa na kuiacha sheva. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, ikaweka faini ya hadi shilingi milioni 4. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, kama chupa za maji, vikombe na sahani, zikakatazwa katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaagiza taka zitenganishwe. Sheva imepita katikati ya yote hayo, ikaendelea kuishia jaani au shimoni nyuma ya nyumba, ambako huchomwa pamoja na maganda.

Wembe nao si taka ya kudharau. Vijijini watu wengi huutumbukiza chooni, wengine huuchomeka kwenye ukuta wa udongo au kuutupa shambani, kisha mtoto anayepalilia mahindi pekupeku akaupata kwa unyayo. Mnunuzi wa vyuma chakavu hatakusaidia kwa wembe mmoja mmoja, kwani kilo moja ni nyembe karibu 1,700. Tafuta mkebe wa majani ya chai au kakao, ufunge mfuniko kwa gundi, utoboe mpasuo mwembamba juu. Nyembe 26 kwa mwaka ni 260 kwa miaka kumi, na zikipangwa moja juu ya nyingine kimo chake hakifiki sentimita tatu. Mkebe mmoja unamtosha mwanamume miaka mingi.

Na wembe usishirikiwe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku saba vikiwa bado vinaambukiza, na damu ya kujikata huwezi kuiona kila mara kwenye makali. Hili lina uzito wa pekee Magharibi mwa Kenya, ambako katika familia nyingi za Waluhya waliofiwa hunyolewa nywele siku chache baada ya maziko. Watu 25 wa boma moja wakinyolewa kila mmoja kwa wembe wake, gharama ni shilingi 250. Katika bajeti ya matanga yenye ng'ombe, hema na vipaza sauti, shilingi 250 hazina wa kuzililia. Wazee wanaosimamia shughuli hiyo waziweke kwenye orodha kabla ya soda.

Kaunti nayo ina la kufanya, na si ghali. Zahanati na hospitali tayari zina masanduku ya kuhifadhi sindano na vitu vyenye makali hadi vitakapoteketezwa. Idara ya afya ya Kakamega iwaruhusu wananchi kupeleka mikebe yao ya nyembe iliyojaa kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na itangaze hivyo makanisani, misikitini na kwenye mabaraza ya machifu.