Umande Unaokula Meza ya Randa

Mafundi wengi wa mbao wa Kisii na Nyamira hulaumu mvua kwa kutu inayoshika mashine zao. Ni kweli nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Lakini hata meza ya randa iliyo chini ya mabati yasiyovuja huota madoa ya hudhurungi. Kinachoilowesha ni umande, na umande huo huja asubuhi.

Usiku wa Keroka au Nyansiongo ni baridi. Meza ya chuma cha kalibu, kwa uzito wake, hupoa polepole na kupata joto polepole vilevile. Tuseme ni saa tatu asubuhi, milango imefunguliwa, na hewa ya nje imefika nyuzijoto 21 yenye unyevu wa asilimia 80, ilhali chuma bado kiko kwenye nyuzi 16. Hewa ya namna hiyo huacha maji kwenye chochote kilicho chini ya nyuzi 17 hivi. Pitisha kidole juu ya meza, utaona mstari. Utando huo hukauka kabla kazi haijachanganya, kwa hiyo wachache huuona, ila kutu huwa imeshapata pa kuanzia. Alama za vidole vyenye jasho huisaidia, kwa sababu ya chumvi.

Mbao nazo zina lawama. Mkaratusi, blugamu yetu, mara nyingi hufika karakana ukiwa mbichi. Una maji, una asidi, na una tanini, jamaa ya kemikali zinazoipa chai ukakasi. Tanini ikikutana na chuma palipo na maji hutoa weusi wa bluu; kwa kemia hiyo Ulaya ilitengeneza wino kwa karne nyingi. Acha maranda ya blugamu yalale mezani usiku mmoja, kesho yake utakuta madoa meusi, na madoa hayo yatahamia kwenye mbao nyeupe ya mteja. Fagia jioni, kila jioni, hata kama umeme umepotea na umechoka.

Kutu ikishashika, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza. Mwaga mafuta ya taa kidogo, funga msasa laini kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usugue kwa urefu wa meza. Grainda usiiguse. Huchimba mabonde ambayo jicho halioni, na baada ya hapo hakuna ubao utakaotoka umenyooka. Meza iliyochimbika ni hasara kubwa kuliko meza yenye doa.

Futa mafuta yote, kisha upake nta. Nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini inafaa sana. Ipashe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji moto, mbali na jiko lenye mwali. Paka utando mwembamba, uache ukauke, ung'arishe kwa kitambaa. Nta huzuia maji na pia hupunguza msuguano: ubao huteleza, mkono hausukumi kwa nguvu, na meza hailiki upesi. Rudia kila unapoona ubao umeanza kugoma. Polishi ya gari iache, nyingi zina silikoni, na silikoni ikigusa mbao, vanishi hukataa kushika.

Oili chafu ya injini, ambayo naiona ikipakwa mezani kila mahali, ndiyo inayoniuma zaidi. Ina asidi na masizi, hunasa unga wa mbao, na sehemu ya ubao iliyoguswa nayo haishiki gundi.

Kufunika kuna namna yake. Nailoni hufungia unyevu ndani. Blanketi kuukuu la pamba lililo kavu, na juu yake kipande cha plaiwudi, huchelewesha hewa ya asubuhi isifikie chuma baridi. Lifunue jua likishapasha karakana, si mara tu unapofika. Na kwa mashine zilizochomelewa hapa kwetu, zenye meza ya bamba, chungulia uvunguni: huko ndiko kutu hula bila kuonekana, na huko rangi ya oili inatosha.