Makala Yako Yasitembee Bila Jina

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtaani maneno haya bado yana ukweli. Muuza mahamri mazuri hahitaji bango. Harufu na majirani wanamtosha. Lakini kwenye intaneti hakuna harufu. Tovuti nzuri ya nyumba ya wageni pale Lamu, au ya fundi wa milango ya kuchonga, inaweza kukaa mwaka mzima pasi na mtu kubisha hodi, kwa sababu tu hakuna aijuaye njia ya kuifikia.

Wengi wetu tukifika hapo tunashika mojawapo ya njia mbili. Kuna wanaolipia matangazo, na siku pesa zikikatika wageni nao hukatika. Kuna wanaoegemea tovuti kubwa za kuwekea vyumba, ambazo hukata kamisheni, mara nyingi kama asilimia 15. Chumba cha shilingi 4,000 kikipatikana huko, shilingi 600 hazifiki mfukoni mwako, na kesho hali ni ile ile.

Ipo njia ya tatu. Haitaki pesa nyingi ila yataka subira: kuandika makala yenye manufaa, kisha kuruhusu wengine wayachapishe kwa sharti kwamba yatawaelekeza wasomaji kwako.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1846 magazeti ya New York yaliungana kugawana gharama ya kutafuta habari, na ushirika ule ndio uliozaa shirika la Associated Press. Habari iliandikwa mara moja, ikasomwa katika magazeti mengi. Mpaka leo, popote habari zao zinapochapishwa, jina la shirika huwa limo.

Intaneti ilipoenea, mtindo huo ulihamia huko. Tovuti kama EzineArticles, iliyoanza mwaka 1999, zilikuwa kama maghala ya makala. Uliweka makala yako bure, na chini yake kisanduku kidogo chenye jina lako na kiungo cha tovuti yako. Aliyetaka kuyachapisha kwake aliruhusiwa, mradi asikifute kisanduku. Yalikuwa mapatano ya haki: yeye apata kitu cha kuwasomesha watu wake, nawe wapata wageni.

Tamaa ndiyo iliyoharibu. Watu walianza kutumia programu za kubadilisha maneno ili makala yale yale yatoke kwa sura mia, wakayamwaga kila ghala. Wasomaji hawakuwa na haja nayo; lengo lilikuwa kuihadaa Google ione viungo vingi. Mwezi wa Februari 2011 Google ilileta mabadiliko yaliyojulikana kama Panda, ambayo kwa maelezo yake yenyewe yaligusa karibu asilimia 12 ya utafutaji nchini Marekani. Maghala ya makala yaliporomoka. Aprili 2012 yakafuata mabadiliko ya Penguin, yaliyolenga viungo vya hila.

Nayaeleza haya kwa sababu bado wapo wanaowauzia watu wetu bidhaa ile iliyooza. Ukiambiwa, "Lipa kidogo, tutaweka makala yako kwenye tovuti 500," funga mfuko wako. Tovuti hizo hazina wasomaji, na viungo vyake vyaweza kukudhuru.

Sasa kinachofaa ni kipi?

Kwanza, andika jambo ambalo mtu analitafuta kwa haja. Mwenye nyumba ya wageni Lamu asiandike sifa za vitanda vyake. Aandike namna ya kufika kutoka Mombasa kwa basi, kwamba basi linaishia Mokowe na hapo mtu apanda boti. Aeleze mavazi yanayofaa mgeni anapopita mji wa kale, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Aeleze kwa nini msimu wa Maulidi chumba kitafutwe mapema. Mtu aliyetatuliwa shida yake hutaka kujua ni nani aliyemsaidia.

Pili, chapisha kwako kwanza, kwenye tovuti yenye anwani uliyoisajili mwenyewe. Ukurasa wa Facebook ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli huna la kusema. Ukishachapisha, ngoja siku kadhaa Google iyaone makala kwako kabla hujampa mtu mwingine.

Tatu, chagua wachapishaji wachache ambao wasomaji wao ndio unaowataka: jarida la usafiri, tovuti ya habari za Pwani, au ya ndugu zetu walio Uingereza na Ghuba wanaokuja nyumbani likizo. Mwandikie mhariri kwa adabu, umwombe mambo matatu: jina lako liwepo, sentensi moja ieleze kazi yako, na kiungo kielekeze kwenye makala ya asili.

Kuna ombi la nne ambalo wengi hawalijui. Tovuti kubwa ikichapisha maneno yako yote, Google yaweza kuionyesha yenyewe juu na kukuacha wewe chini, kwa maneno yako mwenyewe. Tangu mwaka 2023 Google inashauri kwamba anayechapisha nakala auzuie ukurasa huo usiorodheshwe kwenye utafutaji. Kwa fundi wa tovuti ni kazi ya dakika chache. Mhariri akikataa, usigombane naye. Mpe muhtasari, au mwandikie makala mengine kwa upande mwingine wa jambo lile lile.

Nne, pima. Angalia wageni wa tovuti wametoka wapi, kisha uhesabu waliopiga simu au kuweka chumba. Watu ishirini waliokuja kwa haja wanashinda elfu mbili waliopita njia.

Limebaki donda letu la WhatsApp. Huku kwetu makala husafiri kwa kunakiliwa, juu yake pameandikwa "nimetumiwa kama ilivyo", na jina la mwandishi limeshatupwa. Sisi tuliolelewa kwenye madrasa twajua thamani ya isnadi: maneno hayapokewi mpaka ijulikane yametoka kwa nani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inayalinda maandishi yako hata kama hukuyasajili, lakini huwezi kulishtaki kila kundi la WhatsApp. Dawa iliyo karibu ni kutaja jina la biashara yako ndani ya maelezo yenyewe, mahali ambapo mtu akilitoa sentensi inavunjika. Nawe ukipenda makala ya mwenzako, tuma kiungo chake, usinakili maneno.

Habari nyingi za Lamu, Watamu na Diani zinazosomwa na wageni zimeandikwa na watu waliokaa siku tatu wakaondoka. Wao ndio wanaopata wasomaji, na kamisheni inawafuata. Sisi tunaojua maji yanapokupwa na yanapojaa tumenyamaza. Anza na makala matatu, moja kila mwezi, na uwape wachapishaji wawili. Matokeo hayatakuja wiki ya kwanza, pengine hata mwezi wa tatu, lakini makala mazuri huendelea kuleta watu bila kulipiwa tena.

Wabillahi tawfiq.