Vibanda vya Mbale na Madungu ya Miteja

Kila mkulima wa Miteja analijua dungu. Ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo kando ya shamba, kikaezekwa makuti au nyasi, ambamo mtu hukesha akilinda mazao yake, nguruwe mwitu wasiyavamie usiku wala ngedere alfajiri. Hakuna alihesabuye dungu kuwa ni nyumba, wala aalikaye wageni humo. Kwa hiyo huenda wasomaji wetu, wa bara na wa visiwani, wakastaajabu kusikia kwamba huko Mbale, mashariki ya Uganda, wako wakulima Waafrika ambao kila mwaka, mwishoni mwa Septemba au katika Oktoba, hujenga vibanda visivyo mbali sana na madungu yetu kando ya nyumba zao za kudumu, wakahamishia humo chakula, watoto na wageni kwa muda wa siku saba. Kwao jambo hilo ni ibada, tena ni furaha kubwa ya mwaka.

Wakulima hao ni Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Hawakuletwa na jahazi wala meli. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza katika kuiteka nchi ya mashariki, kisha akavunjika moyo nao. Akayasoma maandiko kwa macho yake mwenyewe, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akajitangaza kuwa Myahudi. Mwaka uliofuata alifika kwao Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akawafundisha kalenda na nyakati za sikukuu.

Kalenda hiyo yafaa tuitazame kidogo, sisi watu wa pwani tunaohesabu siku kwa mwezi mwandamo. Miezi yao ni ya mwezi mwandamo kama yetu. Lakini mara saba katika kila miaka kumi na tisa huongeza mwezi mmoja, ili sikukuu zisihame majira yake. Ndiyo maana Ramadhani yetu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, ikazunguka masika na kiangazi, na hali Sikukuu ya Vibanda hubaki pale pale palipo mavuno. Wazee wetu nao, kwa ajili ya kilimo na safari za bahari, hawakutegemea mwezi peke yake, bali waliihesabu Nairuzi kwa siku 365. Shida moja, na kila watu wakaitatua kwa akili yao.

Majira hayo huanza kwa siku ya mwaka mpya. Siku ya kumi ni ya toba, ambapo mtu mzima hufunga tangu kabla ya jua kuchwa hata nyota zionekane usiku wa pili. Nasi tuliopita chuoni hatuwezi kuisikia siku ya kumi bila kuikumbuka Ashura na habari ya Nabii Musa. Siku tano baadaye ndipo huja vibanda. Kibanda hakina budi kuwa chini ya mbingu wazi, si chini ya mti wala baraza. Paa lake ni matawi na majani yaliyokatwa, kivuli kishinde jua, lakini nyota zipate kuonekana. Hukumbushwa kwacho miaka arobaini ambayo wana wa Israili walikaa jangwani bila nyumba. Watoto hupamba, jirani humtembelea jirani, na sheria yenyewe inaagiza kwamba wasiachwe nje ya furaha hiyo mgeni, yatima wala mjane.

Idi Amin aliponyakua nchi mwaka 1971, mambo yaligeuka. Katika utawala wake dini hiyo ilipigwa marufuku na nyumba zao za sala zikafungwa. Wengi waliiacha, wakasalia mia chache waliosali kwa siri. Sala yaweza kufichwa chumbani na saumu yaweza kufichwa tumboni. Lakini kibanda ambacho sharti kisimame chini ya nyota hakifichiki. Amin alijinasibu na Uislamu, na ni wajibu wetu kusema waziwazi kwamba dini tuliyofundishwa sisi haimpi mtawala ruhusa ya kumlazimisha mtu imani.

Oktoba 1978 majeshi yake yakaivamia Kagera. Yaliyofuata kila Mtanzania wa makamo anayajua. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Lisilojulikana na wengi ni kwamba jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani kwa Firauni. Vijana wetu hawakwenda vitani kwa ajili ya Wayahudi wa Mbale, wala hatudhani walikuwa na habari zao. Hata hivyo vibanda vya mwanzoni mwa Oktoba mwaka ule viliweza kusimama uwanjani bila hofu ya Amin.

Yuko atakayeuliza: je, Chama na Serikali havikuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1973? Vilivunja, na uhusiano ukarejeshwa mwaka 1995. Hayo ni mambo baina ya dola na dola, na msimamo wetu juu ya haki ya Wapalestina haudhoofiki kwa kumheshimu mkulima wa Mbale na kibanda chake. Wakulima hao hao mwaka 2004 walianzisha ushirika wa kahawa pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Shule zao hupokea watoto wa dini zote tatu.

Turudi kwetu. Hatusemi Miteja wajenge vibanda vya ibada. Kila mtu na dini yake. Tunasema kwamba nasi tunayo majira ya kukutana baada ya mavuno, kwa jando na unyago, kwa maulidi, na kwa matembezi ya Idi ufukweni. Lakini mikutano hiyo inaanza kuwa ya kadi za michango na vipaza sauti: baba uwanjani, mama jikoni, watoto barabarani, na mjane asiye na mchango hubaki kwake. Kwa Abayudaya aliyealikwa ni nyumba nzima.

Jambo jingine ni mahali. Ardhi ya pwani yetu inatafutwa na wengi, na uwanja usioandikwa popote ni rahisi kuuzwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imekipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tungependa kuona ajenda hiyo katika mikutano ya vijiji vya Kilwa kabla shughuli za korosho hazijapamba moto: uwanja mmoja wa jamii, na njia ya kufikia ufukwe, vikiwa na mipaka iliyopimwa. Na kwa ndugu zetu wa Songosongo na Kilwa Kisiwani, ambao matembezi yao yote hupitia majini, maofisa wanaohusika wawepo bandarini asubuhi ya sikukuu, wahesabu abiria na maboya kabla chombo hakijang'oa nanga.