Jarida la Peni Mbili

Tarehe 30 Julai 1938 kampuni ya D. C. Thomson ya Dundee, Uskoti, ilitoa toleo la kwanza la jarida la katuni za watoto, The Beano. Lilikuwa na kurasa 28, mbuni aitwaye Big Eggo kwenye jalada, kinyago cha karatasi kama zawadi, na bei ya peni mbili. Historia yake ikisimuliwa, takwimu mbili hazikosi: nakala 1,974,072 zilizouzwa za toleo moja la Aprili 1950, na pauni 12,100 zilizolipwa mnadani mwaka 2004 kwa nakala moja ya lile toleo la kwanza. Sizipingi. Nauliza tu zinapima nini.

Kwanza, peni mbili zenyewe. Pauni ilikuwa na shilingi 20, na shilingi peni 12. Shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati ule ililingana kwa thamani na ya Uingereza, ila iligawanywa kwa senti 100. Kwa hiyo mtu wa Mombasa angeihesabu bei hiyo kuwa senti 16 na theluthi mbili, na theluthi mbili za senti hazikuwa na sarafu. Mtoto wa Dundee alipata kurasa 14 kwa kila peni.

Toleo la kwanza liliuza nakala 442,963. Zidisha kwa mbili: peni 885,926, sawa na pauni 3,691, shilingi 7 na peni 2. Hizo ni fedha zilizotoka mifukoni mwa wanunuzi. Kabla hazijamfikia mchapishaji, muuza magazeti na msambazaji walishakata chao. Tukikadiria, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba theluthi moja iliishia njiani, kila nakala inabakiwa na peni moja na theluthi ya kulipia wachoraji, karatasi, uchapaji na kinyago. Kinyago kikigharimu robo ya peni, kitu ambacho mtoto angekichana kabla ya Jumapili, kimeshakula karibu asilimia 19 ya salio. Ukibadilisha makadirio yangu, asilimia itabadilika, lakini bado utakuwa unahesabu vipande vya peni, na vipande vya peni havilipi mshahara wa mchoraji mpaka vizidishwe kwa malaki.

Ndugu yake mkubwa, The Dandy, alikuwa amemtangulia kwa wiki 34, tarehe 4 Desemba 1937, kwa nakala 481,895 na zawadi ya filimbi. Tofauti ni nakala 38,932, yaani The Beano lilianza likiwa chini kwa asilimia 8. Ukijumlisha unapata 924,858, lakini jumla hiyo si idadi ya watoto. Wako walionunua yote mawili, na ziko nakala zilizosomwa na nyumba nzima. Isitoshe, mauzo ya toleo la kwanza yanapima filimbi na kinyago pamoja na katuni.

Kisha vita vikaja, na karatasi ikawa adimu. Kuanzia 1941 majarida hayo mawili yakapokezana, wiki hii moja, wiki ijayo jingine, hadi Julai 1949. Gharama yake inaonekana kwenye namba za matoleo. Mhusika Dennis the Menace alianza katika toleo la The Beano namba 452, la tarehe 17 Machi 1951. Tangu tarehe ya toleo la kwanza zilikuwa zimepita wiki 659 kamili, kwa hiyo jarida lisilokatizwa lingekuwa limefika namba 660. Yamekosekana matoleo 208, karibu theluthi moja. Kwa msomaji mwaminifu hizo ni peni 416, au shilingi 34 na peni 8, ambazo hakupata nafasi ya kuzitumia.

Hapo ndipo rekodi ya Aprili 1950 inapotakiwa kusomwa kwa uangalifu. Ni mara 4.46 ya toleo la kwanza, nakala moja kwa kila watu 25 hivi nchini Uingereza, tukichukua watu milioni 50. Ila ulinganisho huo unaweka toleo bora kuliko yote kando ya toleo la mwanzo kabisa. Tena ni miezi tisa tu tangu jarida lirudi kutoka kila wiki. Bei ilikuwa ileile peni mbili, lakini kurasa zilikuwa zimepungua, kwa hiyo kila peni ilinunua kidogo kuliko mwaka 1938. Nakala ziliongezeka kuliko jumla ya kurasa zilizouzwa ilivyoongezeka.

Inabaki ile nakala ya mnadani. Pauni 12,100 ni peni za zamani 2,904,000, mara 1,452,000 ya bei ya awali. Kwa miaka 66 hilo ni ongezeko la asilimia 24 kwa mwaka, na nakala hiyo moja inazidi mara 3.28 mapato yote ya dukani ya toleo zima. Lakini hesabu hiyo imemchagua mshindi baada ya mbio kwisha. Wakati wa vita watoto walihimizwa kukusanya karatasi chakavu, na katuni za wiki iliyopita ni karatasi chakavu. Gawanya pauni 12,100 kwa nakala zote 442,963 zilizonunuliwa, ukiziacha kando chache nyingine zilizosalimika: kila moja inapata peni 6 na nusu. Kutoka peni mbili, hiyo ni asilimia 1.8 kwa mwaka, kabla ya kuondoa mfumuko wa bei.